Presha ya Mlimani

Mzee Pallangyo, mzee wa kanisa, alikuwa akiandika historia ya marehemu ya kusomwa mazishini, karatasi ikiwa juu ya Biblia, gari la abiria likipanda mlima kwenda Nkoaranga. Kama kawaida yake, alijisomea kwa sauti. "Aliugua presha ghafla, akalala."

"Shikamoo, mzee," alisema dada aliyekaa jirani. "Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Marahaba. Miaka ishirini na miwili."

"Na presha?"

"Hewa ya huku nyembamba, mwanangu."

Dada huyo, Nanyori, alikuwa mtu wa afya. Kazi yake ni kufuatilia, kata kwa kata, wanaokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. "Elerai, kule mjini, wanaongezeka," alisema. "Huku kwenu hakuna hata mmoja."

"Bwana asifiwe!" Mzee alishaanza kufikiria tangazo la Jumapili.

"Ila mwaka huu vijana watano wamekufa kwa presha. Bibi zao wazima, wanapanda mlima na mikungu ya ndizi kichwani."

Mzee alikohoa. Historia zote tano aliziandika yeye, na watu walizisifu. "Binti, presha ni ugonjwa wa heshima. Mama yake atakaa kiti cha mbele."

"Na dawa ya kuwazindua waliozidisha hupelekwa kunakoonekana vifo vya namna hiyo. Wenzake aliokuwa akijidunga nao wako wapi?"

"Ndio watakaobeba jeneza."

Mzee akalikata neno presha, akaandika "alifariki kwa", kisha akatafuna kalamu. Gari likasimama. Alishuka na sentensi ikiwa nusu, na mazishi ni kesho saa saba.