Kibomba cha Dirishani na Vidole vya Dada Yangu

Bwana Yesu apewe sifa, wapendwa. Nimemwomba mchungaji dakika chache, naye amenipa.

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa mkulima wa karoti wa Shume atarudi kutoka Dar es Salaam na begi tupu. Ndugu zangu, nilirudi na stashahada ya maabara, nikajenga chumba cha vigae, nikaweka darubini yangu mwenyewe. Hilo nililiweza, na silifichi.

Aliyenisomesha ni dada yangu Eliwaza, kwa jembe lake. Alipopata baridi yabisi, ule ugonjwa unaovimbisha viungo, hospitali ya rufaa ilimpa vidonge vya mara moja kwa wiki. Wakamwambia arudi kila miezi mitatu apimwe damu, waone kama uvimbe unatulia.

Nikamwambia, "Dada, ya nini kushuka hadi Mombo kutafuta basi, na mimi nipo?"

Kipimo chenyewe ni rahisi. Damu inasimama kwenye kibomba chembamba kwa saa moja, kisha unasoma chembe zimezama kiasi gani. Zikizama haraka, mwilini kuna uvimbe. Mimi vibomba nilivisimamisha dirishani, penye mwanga, wageni wavione. Ilikuwa Juni, halafu Julai. Mara zote mbili damu ya dada ilizama kidogo tu. Nikamwambia ametulia, asimamishe dawa.

"Mdogo wangu," akasema, "basi hiyo karatasi yako ije inifungie vifungo vya gauni."

Nilicheka. Nikamwambia shule ni shule. Akaacha dawa, kwa sababu mimi nilisema.

Kufika Oktoba hakuweza kushika jembe. Nikampeleka hospitali. Kipimo kilekile kikasoma juu sana, na kile cha protini ya uvimbe, CRP, nacho juu. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akatazama karatasi zangu.

"Kaka, chumba chako kina joto kiasi gani?"

Ndugu zangu, hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza. Kwenye baridi, kama ile ya Juni na Julai pale dirishani kwangu, chembe huzama polepole, na kipimo kinadanganya.

"Na vidole vyake ulivibonyeza?"

Sikuwahi.

Leo namshukuru Mungu. Dada amerudia dawa, uvimbe umepungua, asubuhi anainuka mwenyewe. Lakini vidole vitatu vimepinda, na daktari amesema havitanyooka. Kosa hilo ni langu. Nilipomwomba msamaha alisema, "Nimekusamehe. Ila viazi utamenya wewe." Ninamenya.

Mtegemeeni Bwana. Amenitoa kwenye kiburi ambacho stashahada yangu haikunionyesha. Na ninyi mliopimwa uvimbe kwangu msimu ule wa baridi, majibu yale msiyaamini. Majina yenu ninayo daftarini. Wa hapa, naomba tubaki baada ya ibada. Wale wa kijiji cha Vuga nitawafuata kesho, nyumba kwa nyumba, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba nilikosea.