Mama Hedwiga na Vigelegele vya Morogoro

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo hakujua kufurahi kimoyomoyo.

Hedwiga Mbunda alizaliwa Namswea, Mbinga, tarehe 16 Oktoba 1956, binti wa Mzee Methodi na Mama Rosa, wakulima wa kahawa. Alisoma hapo hapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Mwalimu wao alisoma matokeo akianzia kwa aliyeongoza, na kila mwaka jina la Hedwiga lilitangulia. Kumbukeni hilo.

Tarehe 10 Septemba 1977 alifunga ndoa na Joakim Ndimbo wa Lundo. Hedwiga alikuwa amekulia kwenye sengu, ambako wanaume wa ukoo hula pamoja, kwa hiyo alishangaa mume alipomkaribisha kwenye sahani moja, ugali na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Hawakuiacha sahani hiyo mpaka siasa ilipoingia nyumbani. Hedwiga alilima mihogo, akaanika usipa, akawaongoza kina mama wa chama chake cha siasa katani.

Machi 2025 wote wawili walikwenda Morogoro, wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa wa chama chao, kumteua mgombea urais. Kati ya waliogombea, mama alimtaka Edina, mzee alimtaka Wilfred. Walikuwa wamenuniana hata wakala sahani mbili, na watoto waliihofia ndoa kwelikweli.

Msimamizi akaanza kusoma matokeo. Jina la kwanza, Edina! Mama akaruka kitini, kanga juu, vigelegele vikajaa ukumbi. Masikini, msimamizi alikuwa ameanzia mkiani. Watu wakaangua kicheko. Mzee Joakim akasimama, akapiga makofi kwa nguvu.

"Mzee, wetu si huyo!" jirani akamvuta shati.

"Wangu ni huyo mwenye kanga," akajibu.

Wilfred alipotangazwa mshindi, mama alimpigia vigelegele kuliko wote. Jioni walikula sahani moja.

Novemba moyo ulianza kumsumbua, akalazwa Mbinga. Mzee alimlisha uji, naye akamtania: "Mjumbe, kampeni zimeisha, acha kunibembeleza." Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2026, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, Hilda, Aidan na Nicholaus, na wajukuu saba.

Mzee Joakim ana ombi. Jeneza likianza kushuka, kina mama wapige vigelegele. Tunajua si desturi kaburini. Lakini amesema, "Huko aendako wanasoma matokeo wakianzia kwa aliyeongoza."

Bwana ampe amani, na sauti yake asiipunguze.