Bwana Kina, Msoma Maji wa Ziwa Lililokauka

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, mwenzetu msoma kina cha ziwa, tuliyemzoea kwa jina la Bwana Kina, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Katika miaka yote hiyo hakutoroka kazini hata siku moja. Aliyetoroka ni ziwa.

Aliajiriwa enzi ambazo hatua tatu tu kutoka ufukweni maji yalimfika mtu mzima shingoni. Kila jiwe la ufuko lilikuwa na jina, na shangazi zetu walijua nani anafulia kwenye lipi. Waliogombana walipakiwa mtumbwi mmoja, wakasukumwa hadi katikati, na hawakurudi mpaka wapatane. Bwana Kina mwenyewe alikaa humo siku mbili na shemeji yake, kisa baiskeli ya kuazima.

Ukame ukaja, ukakaa, ziwa likakauka kabisa. Sasa fomu yake ina visanduku viwili tu: “Limejaa” na “Limepungua”. Kuandika kwamba halipo kungefunga kituo chetu cha kupimia maji na kulifuta jina la ziwa kwenye rejesta. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Bwana Kina akawakatalia. Kwa miaka tisa, kila asubuhi, alitia alama kwenye “Limepungua”. Makao makuu wakapiga hesabu, wakatangaza kwamba ziwa letu limefika mita nne chini ya udongo. Tukaletewa maboya sita ya kuokolea watu, pamoja na cheti cha pongezi kwa kuwa hakuna aliyezama. Bwana Kina alikipokea kwa unyenyekevu.

Machi iliyopita mkuu wa idara alikuja na barua ya kukifunga kituo. Bwana Kina hakubishana. Alimkaribisha kwenye mtumbwi uleule, uliolala juu ya udongo uliopasuka, wakakaa uso kwa uso. Mkuu angeweza kushuka akaenda zake; ardhi ilikuwa shubiri moja chini ya viatu vyake. Hakushuka. Sisi wenzake, tukichungulia dirishani mwa kituo, tuliona saa sita wakigombana, saa nane wakinuniana, na saa tisa mkuu akianza kutaja majina ya mawe aliyofundishwa na mama yake. Kumbe naye ni mtoto wa hapa, alikuwa hajasema tu. Saa kumi aliichana barua, akaomba asukumwe ufukweni. Tulimsukuma sote.

Kituo kinabaki na jina linabaki. Nafasi imeshatangazwa, mwombaji lazima ajue kuogelea.

Asante, kaka, kwa ule uwongo wako mdogo. Tulikuwa tumeshakata tamaa, wewe hukukata. Nenda kastarehe na familia, ulale mpaka jua likuchome. Ziwa likirudi, wa kwanza kuamshwa ni wewe.