Droni ya Kujifurahisha

Ndani ya basi la Mpitimbi nilikaa nyuma ya mkulima Mama Odilia na mwalimu mgeni, Dennis, aliyepakata droni yake.

"Mwanangu, nipigie picha ya shamba kutoka juu," mama alisema. "Jirani amesogeza mpaka. Nataka baraza la kata liuone."

"Mama, kibali changu ni cha kujifurahisha tu. Picha za kazi zina kibali chake."

"Hata kama sikulipi?"

Dennis alifikiri. "Hapo kwa kweli sijui. Labda wanaotoa vibali wanaangalia picha inaenda kufanya nini."

Nikatega sikio zaidi. Mpaka wangu nao una maneno.

Basi likasimama. Mama akanyanyuka na kikapu chake. "Basi njoo Jumamosi ujifurahishe juu ya mahindi yangu."

Dennis alicheka, kisha akauliza shamba liko upande gani.