Washa ya Kandambili ya Fundi Idarusi

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Idarusi Khatib atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika karakana ya Ushirika wetu wa boti hapa Tanga, na siku hiyo hiyo atastaafu. Alikuja kwetu akiwa seremala wa milango kutoka Nguvumali, asiyeijua faiba hata kwa jina. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na hatuna boti ambayo hajaikanyaga sitaha yake kwa miguu mitupu.

Miguu mitupu haikuwa mzaha. Wengi hudhani boti ya faiba haiozi. Faiba kweli haiozi, lakini sitaha ni faiba juu, faiba chini, na katikati mbao nyepesi. Maji yakipata tundu, mbao huoza kimyakimya huku rangi ya juu inang'aa kama bibi harusi. Kwa hiyo Fundi alivua viatu, akatembea kwa visigino akitafuta panapobonyea, kisha akagonga kwa mpini wa bisibisi. Penye uzima palilia ko, penye uozo palilia bu. Aliyemwambia kuwa sitaha ni nzima aliulizwa, "Kakwambia nani, jicho au sikio?" Kwenye harusi ya binti yake, Sabra, aligonga jukwaa zima kabla ya kumruhusu bwana harusi kupanda.

Mwaka 2019 sitaha ya mbele ya boti yetu ya kubebea wagonjwa, ile inayokaa Kigombe, ilididimia. Lawama zikamwangukia nahodha wake, Amour Tahiri. Kamati iliamini kwamba amekuwa akibwaga makreti ya machungwa ya Muheza juu yake. Nahodha alikana, hakusadikiwa, na kikao cha kumwachisha kazi kikapangwa. Fundi Idarusi akatakiwa aifungue sitaha na kuleta taarifa.

Alikata faiba ya juu, akainyanyua kama kifuniko cha sufuria, akakwangua mbao iliyokwisha kuwa tope jeusi. Uozo haukuanzia palipodaiwa kubwagwa mizigo. Ulianzia kwenye bolti nne za kishikio cha ubavuni, na chini ya kila nati palikuwa na washa, yaani pete ya kuzuia maji, iliyokatwa kutoka soli ya kandambili. Zamani, washa za mpira zilipokuwa adimu, ni mtu mmoja tu aliyekata kandambili namna ile: Idarusi mwenyewe. Ndiye aliyezifunga bolti zile miaka kumi nyuma, akatoboa mbao na kuacha kingo za tundu bila kuziba. Desturi ile alikwisha kuiacha, na waliofanya naye kazi enzi hizo walikwisha kuondoka. Angezitupa washa zile mtaroni, asingejua mtu.

Alikuja nazo kikaoni kwenye kiganja, akazipanga mezani mbele ya mwenyekiti wetu, Bi Nasra. "Nahodha hana kosa," alisema. "Kosa nililifunga mimi, kwa spana yangu."

Nahodha Amour akaokota moja, akaigeuzageuza. "Mzee wangu, basi kandambili yako ni hodari. Mbao imekufa, yenyewe ipo." Tukacheka, na Nahodha akabaki na kazi yake.

Matengenezo yalichukua wiki tatu, kwa kuwa Fundi hakukubali kuharakishwa; kukausha peke yake kulikula siku tisa. Kisha alilaza mbao mpya kwenye gundi, akarudisha kifuniko kile kile, akakikandamiza kwa ndoo za mchanga mpaka kikashika. Matundu ya bolti aliyatoboa mapana, akayajaza gundi, ikakauka, ndipo akatoboa upya katikati, ili maji yakiingia yakute gundi, yasiione mbao. Tangu hapo kila fundi wa karakana hii hutoboa mara mbili.

Washa moja aliitundika kwenye msumari juu ya meza yake, na kila mgeni aliyeiuliza alisimuliwa kosa lote bila kupunguziwa neno. Juzi aliomba aondoke nayo. Tumemkatalia. Hiyo sasa ni mwalimu wetu.

Fundi Idarusi, ahsante kwa mikono yako, na zaidi kwa kiganja kile ulichokifungua mbele yetu. Wewe na mkeo, Bi Khadija, mnahamia Kigombe. Mungu awape siku zilizo nzima ndani kama zinavyong'aa nje. Nahodha Amour ameomba akupeleke mwenyewe, kwa boti ile ile. Ukipanda, vua viatu kama kawaida yako, tembea mpaka mbele. Hapatabonyea.