Alhamisi Brylee Alipoanguka

Benchi letu liko nje ya dirisha la kahawa la Opal, hapa Tarr Fork, milimani Kentucky, ng'ambo tu ya ofisi ya bodi ya shule. Opal tunamwita Redio. Habari ikimfikia saa moja, saa mbili hata kuku wa bonde la pili wanayo. Virgil ni Jaji: aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita, na hukumu zake hazina rufaa. Delmer ni Betri, kwa kuwa alikuwa fundi magari na kwa kuwa huwaka upesi. Mimi ni Chaki. Nilifundisha hesabu mpaka magoti yakagoma. Jumamosi hiyo bodi ilikuwa ikutane saa nne kuamua kama Mwalimu Verna Slone aondolewe kwenye timu ya washangiliaji, wale wasichana wanaoimba na kurushana hewani uwanjani, na pengine kazini kabisa. Alhamisi, Brylee, mjukuu wa Betri, mwenye miaka kumi na mitano, alirushwa juu mazoezini akashuka vibaya. Verna alijitupa chini yake. Mtoto akapata mtikisiko wa ubongo, Verna akavunjika mkono mahali pawili. Kufikia Ijumaa jioni Rhonda, mama yake Brylee, alikuwa na sahihi mia moja na kumi na mbili za kutaka Verna afukuzwe. Jaji alitia. Redio alitia. Mimi nilimwambia Rhonda nimesahau miwani nyumbani, na miwani ilikuwa mfukoni.

— Mpanda ngazi hushuka, — alisema Jaji akipuliza kahawa. — Wahenga walishamaliza.

— Mtoto hakupanda ngazi, — Redio akamjibu kutoka dirishani. — Alirushwa.

— Ndiyo hapo sasa! Hata ngazi hakupewa. Uzembe mtupu.

— Mwalimu alikuwa anatazama simu, — akasema Betri.

— Nani kakwambia? — nikamuuliza.

— Inajulikana.

— Na nani?

— Chaki, usinianzishie mahesabu yako asubuhi yote hii.

Redio akatoa kichwa nje, akashusha sauti, jambo analofanya akitaka kusikika vizuri.

— Mimi nawaambia, Verna alikuwa anamtaka yule Josie Fugate ndiye arushwe juu badala ya Brylee. Sasa Brylee atatokaje pale juu? Si wadakaji walegeze mikono kidogo tu?

— Wasichana wanne wote wakubali kumwangusha mwenzao?

— Walimu mna namna zenu.

— Redio, mimi darasani nilishindwa kuwafanya wanne wakubaliane saba mara nane ni ngapi.

— Hamjui kitu nyote, — Jaji akakata. — Hii ni kazi ya watu wa shule ya Cutler. Mashindano ni wiki mbili zijazo, na kila mwaka wanapigwa na sisi. Walipaka nta sakafuni.

— Mtoto ameanguka kutoka hewani, Jaji. Hewani hakuna nta.

— Basi walimleta mtu na kioo. Dirisha la magharibi. Akammulika machoni akiwa juu. Nimebeba watoto wa Cutler kwenye basi, nawajua. Mtoto wa nyoka hafunzwi kuuma, hufunzwa kumulika.

Siku nyingine tungecheka. Betri hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yake kwenye mlango wa bodi.

Nikasema lililokuwa limenikaa kooni tangu jana. Nikawaambia kwamba miaka kumi na tisa Verna anafundisha biolojia mchana, kisha saa tisa anaingia ukumbini na wasichana ishirini na wawili, na kila msichana ana mama anayejua kazi kuliko yeye. Yupo mama anayehesabu dakika ambazo mwanawe amekaa safu ya mbele. Yupo aliyekuja na ngazi ya kupakia rangi nyumba ili apige picha kutoka juu. Na Rhonda, nikasema, samahani, Betri, najua ni mwanao, Rhonda huja na fulana yenye uso wa Brylee na filimbi yake mwenyewe shingoni. Jumapili moja alimtumia Verna ujumbe kumi na saba kuhusu utepe wa nywele.

— Mama kumpenda mwanawe ni kosa? — Betri akauliza.

— Sijasema kosa.

— Umesema filimbi.

— Ana filimbi au hana?

Jaji akajikohoza, akasema mwalimu naye asilalamike, kama kazi ni ngumu si aache?

— Unamkumbuka Josie alivyokuwa darasa la tisa? — nikamuuliza.

— Yule asiyesema?

— Ulimbeba kwenye basi mwaka mzima. Alishawahi kukuambia hata habari za asubuhi?

— Sijawahi kumsikia. Nilidhani bubu.

— Na sasa ni nani anayeongoza vibwagizo? Uwanja mzima unaitikia nani?

— Josie, — akakiri Jaji.

— Verna alimpa kipaza sauti, — nikasema. — Josie akakishika wiki tatu bila kutoa neno. Wazazi wakaandika barua, wakasema timu inaaibishwa. Verna akakataa kumnyang'anya. Wiki ya nne mtoto akafungua mdomo. Jioni ile Verna alinipigia simu analia, anasema, "Chaki, amesema." Basi. Neno moja. Mwalimu anaishi kwa hilo mwaka mzima.

— Mwenyewe huyo, — akanong'ona Redio.

Verna alikuwa anavuka barabara, plasta ngumu ya mkono uliovunjika imemfika juu ya kiwiko, koti amelitundika bega moja. Alikuja moja kwa moja dirishani. Redio, aliyetia sahihi, akamimina kahawa mpaka ikafurika kikombe.

— Habari za asubuhi, Mwalimu, — nikasema peke yangu.

— Njema, Chaki. — Akamgeukia Betri. — Delmer, Brylee anaendeleaje?

Betri alikuwa anatazama viatu vyake.

— Anakula.

— Kichwa bado kinamuuma?

— Akiona mwanga.

— Afungiwe mapazia. Na simu asiguse, hata akilia. Mwambie nimesema mimi.

— Nitamwambia.

Akanywa funda moja, akaacha kikombe, akaingia kwenye ofisi. Ndipo tukasikia makofi yanakuja kutoka upande wa kanisa. Rhonda na akina mama tisa, fulana za timu, wanatembea kwa mpangilio, wanapiga kibwagizo kilekile cha watoto wao, ila maneno wameyabadili: "Nani atoke? Verna atoke!"

Rhonda akasimama mbele yetu. Macho yake yalikuwa mekundu. Si mwovu, yule. Alikuwa amelala kwenye kiti cha hospitali usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa, mpaka Brylee aliporuhusiwa asubuhi ile.

— Baba, unakuja?

— Nakuja.

— Tunaanza sasa hivi.

— Tangulia, mwanangu. Namalizia kahawa.

Akina mama wakaingia, mlango ukafungwa. Kikombe cha Betri kilikuwa kitupu zamani. Niliona kitako chake.

— Betri, — nikasema, — Alhamisi gari la Rhonda lilikuwa gereji. Nani aliwapeleka mazoezini?

— Mimi.

— Ukawashusha ukaondoka?

— Chaki, achana na mimi.

— Nauliza tu.

— Nimesema achana na mimi! — Akasimama, mtu mzima wa miaka sabini na mbili, ngumi zimekazwa. Nikadhani leo napigwa mbele ya kahawa. Jaji akaweka mguu katikati yetu.

— Kaeni chini. Mafahali wawili hawakai benchi moja.

Betri akakaa. Akafuta uso kwa kofia yake.

— Nilikuwepo, — akasema.

Redio akazima mashine ya kahawa.

— Nilikaa safu ya juu kabisa. Rhonda alikuwa chini, pale pembeni ya magodoro, pale Verna alishamkataza mara tatu. Wakamrusha. Jamani, alipaa vizuri. Mikono imenyooka, mgongo umenyooka, nilijisemea laiti bibi yake angekuwa hai aone. Akiwa juu kule Rhonda akapuliza filimbi, akapiga kelele, "Brylee! Tabasamu! Mama huku!" Mtoto akageuza shingo kumtafuta mama yake. Basi, mwili mzima ukafuata. Wale wadakaji walikuwa pale pale pao, yeye ndiye hakuwa pale. Verna alikuwa hatua nne mbali. Sijui alifikaje. Nilisikia mkono ukivunjika kule juu niliko.

— Na simu? — Jaji akauliza taratibu.

— Hakuwa na simu. Nilisema simu kwa sababu ilibidi niseme kitu.

— Rhonda anajua kilichotokea?

— Anajua. Hospitali alinitazama, nikamtazama, tukaongea habari za maegesho. Ni mwanangu, Jaji. Akikubali hili, atalibeba maisha yake yote. Ungefanyaje?

Jaji, ambaye hukumu zake hazina rufaa, akatikisa kichwa.

Sikumwambia Betri aende. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye Redio alitangaza kwamba nilimsukuma. Alikaa kama dakika tano. Kisha akavaa kofia, akaivua tena, akavuka barabara akiwa ameishika mkononi kama mtu aendaye msibani.

Tukangoja. Kulikuwa na sauti za akina mama, nyingi kwa pamoja. Halafu zikakatika ghafla. Halafu ikasikika sauti moja, nzito, ya polepole, na hatukuweza kupata maneno. Halafu kilio cha mwanamke mmoja.

Mlango ulipofunguliwa, akina mama walitoka mmojammoja, bila makofi. Rhonda alipita mbele yetu akifungua mnyororo wa filimbi shingoni. Vidole vilimshinda, akaacha. Aliingia kwenye gari lake, lililokuwa limeegeshwa kando ya ofisi tangu asubuhi, hakuliwasha.

Betri akarudi, akakaa. Nikamuuliza mambo yameendaje.

— Wajumbe wote saba wamepiga kura abaki. Na mzazi marufuku kukanyaga ukumbini wakati wa mazoezi.

— Basi yamekwisha! — Redio akasema. — Nilijua tu. Mimi ile sahihi sikuitia kwa moyo.

— Hayajaisha, — akasema Betri. — Baada ya kura Verna akasimama, akawashukuru, akasema biolojia atafundisha, timu basi. Amechoka. Kasema hilo bila hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Verna mwenyewe akatoka. Alikuja kwenye benchi, akasimama mbele ya Betri. Betri akataka kuinuka, Verna akamwekea begani ule mkono wake ulio mzima.

— Asante, Delmer.

— Nilichelewa siku mbili.

— Ulichelewa, — akasema Verna. Hakumpunguzia hata moja.

Mlango wa nyuma wa gari la Rhonda ukafunguka. Akashuka Brylee, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma muda wote wa mkutano, miwani ya jua usoni, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi, anatembea kama ardhi ina barafu. Rhonda alishusha kioo, akafungua mdomo kumwita. Kisha akaufunga. Niliuona mkono wake umeng'ang'ania usukani.

Mtoto alifika mbele ya Verna, akaitazama ile plasta.

— Inauma, Mwalimu?

— Inawasha zaidi.

— Daktari kasema nisirushwe miezi miwili.

— Daktari kasema kweli.

— Lakini naweza kukaa chini nikawahesabia wenzangu. Moja mpaka nane. Josie huwa anawahi kwenye tano. Jumatatu tunaanza saa ngapi?

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Verna ameiacha timu. Betri akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Jaji. Redio alikuwa na kitambaa cha meza mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, habari aliyokuwa nayo hakutaka kuitoa. Verna alimshushia mtoto kofia zaidi, mwanga usimpate machoni. Brylee aliendelea kusimama pale juani, akingoja kuambiwa saa.