Mwalimu Mumbua na Darasa Lililokataa Kuketi

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 1996, Mwalimu Mumbua Ndeti atafunga mlango wa Darasa la Sita kwa mara ya mwisho. Amefundisha kwa miaka thelathini na mitatu, mingi kati ya hiyo akiwa hapa shuleni kwetu, nje kidogo ya Kwa Vonza. Serikali inasema umri wa kustaafu umefika. Sisi tunaomfahamu tunadhani haikumwuliza.

Alizaliwa Mbumbuni na kuanza kazi Kibwezi. Alipohamia kwetu mwaka 1968 alikuja na sanduku moja la nguo, na redio kubwa iliyofungwa kwa leso. Redio ndiyo iliyotangulia kuingia darasani. Siku hizo vipindi vya shule vilitangazwa kutoka Nairobi, na Mumbua aliamini kwamba mtoto wa huku ana haki ya kusikia Kiingereza kile kile anachosikia mtoto wa mjini. Mzazi mmoja alilalamika kwamba watoto wanakuja shuleni kusikiliza nyimbo. Mumbua alimkalisha dawati la nyuma kipindi kizima, na malalamiko yakaishia hapo.

Betri, au mawe kama tunavyoyaita, zilimpa taabu. Zilipochoka alizianika juani kando ya mbaazi zake, na ole wa mwalimu aliyezisogeza.

Kisa cha siku ya kwanza ya redio hatuwezi kukiacha. Mumbua alikuwa na madarasa mawili, kwa hiyo aliwasha redio Darasa la Sita kisha akaenda kufundisha la Tano. Mtangazaji akawaamkia wanafunzi. Watoto wakasimama, wakaitikia kwa sauti moja, wakangoja kuambiwa waketi. Mtangazaji hakuwaambia, angejuaje kwamba wamesimama? Mumbua aliporudi kipindi kilikuwa kimekwisha, na watoto walikuwa bado wima, hakuna aliyeandika hata neno. Walimu walicheka mpaka wakatoa machozi. Yeye hakucheka sana. Tangu siku hiyo aliweka sheria: redio itasalimu, lakini wa kuwaketisha ni yeye, na hatoki mpaka kipindi kiishe.

Mwaka 1977 sheria hiyo ilimfaa. Walimu walikuwa haba, na ofisi moja ya elimu ikaona kwamba, maadamu redio inafundisha, Mumbua ahamishiwe kwingine na Darasa la Sita libaki na mtu yeyote wa kuiwasha. Habari hiyo ilimuuma. Chombo alichokibeba kwa mikono yake sasa kilikuwa kinamfukuza, na watoto wake wangebaki bila mwalimu mwaka mmoja tu kabla ya mtihani. Hakwenda kumbembeleza mtu. Alimwomba afisa aje ajionee.

Afisa alikuja, bwana mpole mwenye tai, akamtaka Mumbua angoje nje ili redio ifundishe peke yake. Mimi nilikuwa nikifundisha darasa la jirani, na ukuta wetu haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia yote. Redio ikawaamkia. Madawati yakalia, watoto wakasimama na kuitikia. Redio ikawataka wafungue vitabu na kuandika. Hakuna ukurasa uliofunguliwa. Afisa akawaambia waketi. Hakuna dawati lililolia. Akarudia, safari hii kwa sauti ya ofisini. Ndipo Kalondu, kiranja wa darasa, alipomjibu kwa adabu zote: "Mwalimu wetu bado hajasema, sir."

Afisa alitoka mwenyewe kumwita. Mumbua akaingia, akasema neno moja tu, na madawati yote yakalia kwa pamoja. Akawa anapita katikati yao, huyu anamsahihisha, yule anamrudishia sentensi iliyompita. Naye afisa akatafuta mahali akaketi. Habari ya uhamisho hatukuisikia tena. Kama watoto walikuwa wamepangwa au la, hatujui mpaka leo. Kila akiulizwa, Mumbua hurekebisha kilemba chake na kuuliza kama chai iko tayari.

Kalondu sasa anafundisha Kiingereza Kibwezi. Na mwaka jana, walimu vijana waliporudi kutoka semina wakiisifu kompyuta, Mumbua aliwasikiliza kwa makini, akawaambia waitafute kwa kila njia ije. Kisha akauliza ni nani atakayesimama kando ya hiyo kompyuta. Swali hilo anatuachia.

Mwalimu Mumbua, asante. Nitaikosa sana sauti yako juu ya ukuta ule. Twakuombea siku njema Mbumbuni, mbaazi tele, na mawe yasiyochoka. Ijumaa utakapoingia uwanjani tukuage, sote tutasimama. Wa kutuketisha ni wewe peke yako, na tafadhali, usifanye haraka.

Amin Shee, kwa niaba ya walimu